Hesabuni Mbavu Zenu



Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa katekesi hapa Kama kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kuliko mwanamke. Sikulisoma jambo hilo katika kitabu chochote. Nililipokea kwa katekista aliyenitangulia, naye bila shaka alilipokea kwa mwingine. Nilikuwa nikiwaambia watoto wajiguse ubavuni. Nao walijigusa, wakatikisa vichwa kwa kukubali, maana nani awezaye kuhesabu mbavu zake mwenyewe kwa vidole, juu ya shati?

Siku moja msichana wa parokia yetu, aliyekuwa amekwenda Kindu kusomea uuguzi, alirudi likizo akanikuta nikifundisha. Alikaa nyuma, akanyamaza. Watoto walipotawanyika, alinijia kwa heshima, akainamisha kichwa, akasema: «Baba katekista, unisamehe. Shuleni tumehesabu mbavu. Mwanamume ana 24, na mwanamke ana 24.»

Nilikasirika. Nakiri mbele yenu kwamba sikukasirika kwa ajili ya Neno la Mungu. Nilikasirika kwa sababu mtoto niliyembatizia wadogo zake alikuwa ameniona nikisema uongo. Nikamjibu kwamba huko Kindu wanawafundisha kiburi. Akaaga, akaenda zake. Usiku ule nilifungua Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, nikasoma polepole kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Imeandikwa kwamba Mungu alitwaa ubavu wa Adamu. Haikuandikwa popote kwamba wana wa Adamu huzaliwa wamepungukiwa. Seremala aliyekatwa kidole na msumeno huzaa watoto wenye vidole 10, na hakuna anayeshangaa. Fundisho lile lilikuwa langu, halikuwa la Maandiko.

Basi leo naandika kinyume cha mimi mwenyewe, na kinyume cha wengine kadhaa. Katika vikundi vyenu, na hata katika mashirika yetu ya wazee, nimesikia maneno matatu yakirudiwa. La kwanza, kwamba kijana Mkristo hapaswi kugusa mifupa na maiti, kwa kuwa ni najisi, au ni uchawi. La pili, kwamba anatomia, yaani elimu ya maumbo na viungo vya mwili, ni rundo tu la majina ya Kifaransa na Kilatini, ambayo mwanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau kesho yake. La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba pointi za somo hilo gumu hununuliwa. Maneno haya matatu yanaonekana kutofautiana, lakini yana mama mmoja. Yote yanataka tuuponye mwili tusiokubali kuutazama.

Tuanze na jambo mnalolijua. Hakuna mtoto wa Kama asiyejua ini, wengu, mapafu na figo. Ameviona tangu utotoni, baba yake alipopasua kimbuliko au nyani aliyetoka msituni, na kila sehemu ikapewa mwenyewe kwa kufuata desturi. Wazee wetu ni mabingwa wa anatomia ya wanyama. Kwa hiyo kijana wetu akifika shule ya uuguzi hudhani anajua tayari. Naam, kosa hilo hilo lilimpata mtu mkubwa kuliko sisi sote. Galeno, tabibu aliyezaliwa Pergamo katika karne ya 2 na kuwatibu wakuu wa Roma, hakuwa na ruhusa ya kupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akaandika juu ya mwanadamu. Alikuwa na akili ya ajabu, na mengi aliyoyaandika yalikuwa kweli. Lakini alisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili, kwa kuwa ndivyo lilivyo kwa baadhi ya wanyama. Alisema damu hupenya katika ukuta wa katikati ya moyo kupitia matundu yasiyoonekana. Kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari wa Ulaya na wa nchi za Waarabu walimwamini. Wachache waliothubutu kumpinga walisikilizwa kwa shida.

Inafaa mjue jinsi walivyofundisha. Huko Bologna, katika Italia, ambako Mondino aliandika kitabu chake cha anatomia mwaka 1316, maiti za watu zilikuwa zikipasuliwa mbele ya wanafunzi. Lakini katika vyuo vya zama zile ikazoeleka kwamba mwalimu huketi juu kwenye kiti cha heshima akisoma kitabu, chini yake kinyozi hukata nyama, na wanafunzi husikiliza maneno ya juu bila kuyapima kwa yaliyo mezani. Kitabu kikisema mifupa miwili na meza ikionyesha mmoja, kitabu ndicho kilichoshinda. Mimi nilisomea ualimu, na nimesimama mbele ya ubao miaka mingi nikiwasomea watoto maneno ya kunakili. Nilipojifunza habari ya kiti kile nilijitambua mara moja.

Aliyeshuka kitini ni kijana. Andreas Vesalius alizaliwa Brussels mwaka 1514, katika nchi ile ile ambayo baadaye ingetutawala, akasoma Louvain na Paris, akawa mwalimu huko Padua akiwa hajatimiza miaka 23. Alichukua kisu mwenyewe. Aliona taya ni mfupa mmoja. Alihesabu mbavu za wanaume na za wanawake, akakuta 24 kwa 24, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543 akaikanusha hadithi ile ambayo mimi niliendelea kuifundisha Kama karibu miaka 500 baada yake. Kuhusu ukuta wa moyo, aliutafuta upenyo wa Galeno asiuone. Mwingereza William Harvey, aliyesoma Padua hiyo hiyo, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Na Marcello Malpighi wa Bologna akaviona kwa hadubini, mwaka 1661, vijishipa vyembamba vinavyounganisha mishipa ya kupeleka na mishipa ya kurudisha.

Hapa huinuka mzee mmoja, aghalabu baada ya Misa, akauliza: «Lakini Kanisa si lilikataza?» Wazungu wasiolipenda Kanisa nao husema hivyo hivyo, kwa hiyo mzee wetu na adui zake wamekutana katika kosa moja. Andiko linalotajwa ni lile la Papa Bonifasi VIII la mwaka 1299. Msomeni anachokataza. Wakubwa waliokufa mbali na kwao walikuwa wakikatwakatwa na kuchemshwa ili nyama iachane na mifupa, mifupa ikapelekwe kuzikwa nyumbani. Papa alichukia ukatili huo akaupiga marufuku. Shule ya madaktari haikuwa shabaha yake, ingawa wako waliolielewa andiko hilo kwa upana na kuogopa. Karne ya 18, Papa Benedikto XIV, aliyezaliwa Bologna, alimwagiza Ercole Lelli atengeneze sanamu za nta zenye kuonyesha misuli na mifupa kwa ajili ya masomo. Na Mwenyeheri Nikolaus Steno wa Denmark, aliyegundua mrija unaoleta mate kinywani na kuonyesha kwamba moyo ni msuli, alikuwa mpasuaji wa maiti kabla ya kuwa Mkatoliki mwaka 1667, kisha padri, kisha askofu mwaka 1677. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2300 na 2301, inadai maiti iheshimiwe, na papo hapo inakubali kwamba yaweza kupasuliwa kwa uchunguzi wa sheria au kwa utafiti wa elimu. Heshima na kisu havikuwekwa katika namba zinazopigana.

Hata hivyo sitaki kumcheka mzee wetu. Hofu yake ina historia, na anayeidharau hofu hiyo haijui nchi yetu. Mwezi Desemba 1884, ng'ambo ya kusini-mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika, askari waliotumwa na luteni Mbelgiji Emile Storms walimwua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Storms alilichukua fuvu hilo hadi Ubelgiji, ambako wataalamu walilipima na kuliandikia kana kwamba ni jiwe la mtoni. Huo nao uliitwa elimu. Vesalius mwenyewe, alipokuwa Louvain, aliiba kwa siri mifupa ya mtu aliyenyongwa. Kwa hiyo wazee wanaposema kwamba mifupa ya mtu si ya kuchezewa, wanasema neno zito. Lakini dawa ya wizi ni ridhaa. Mtu aliye hai akisema kwa hiari yake, mbele ya jamaa zake, kwamba baada ya kufa mwili wake uwafundishe vijana kisha uzikwe kwa sala, hajaibiwa na hajanajisiwa. Na kijana anayejifunza kwa mwili huo hamdharau marehemu, bali ni mdeni wake. Kumkataza kijana huyo kwa jina la Lusinga ni kumdhulumu Lusinga mara ya pili.

Sasa niwaonyeshe deni hilo hulipwaje, maana maneno matupu hayamponyi mtu.

Katika mtaa ninaokaa yuko kijana anayeburuta mguu wa kuume. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu alipougua malaria, na mtu fulani mwenye mkoba na sindano, aliyekuwa akiitwa daktari na jirani wote, alimdunga kwinini kwenye tako. Homa ilipoa. Mguu haukuamka tena. Mama yake hadi leo anaamini kwamba jirani alimroga mtoto. Ukweli ni mfupi na mchungu. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa kuliko yote ya fahamu mwilini, mnene kama kidole kwa mtu mzima, unaotoka chini ya mgongo na kushuka nyuma ya paja. Matawi yake hufika hadi unyayoni. Kwinini ni dawa kali, huchoma nyama inapoingia. Ukidunga katikati ya tako, au upande wa ndani, au chini, waweza kuupata mshipa huo. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuligawa tako sehemu nne kwa mawazo na kudunga sehemu ya juu ya nje peke yake. Na kwa mtoto mdogo, ambaye tako lake halijajaa nyama, huambiwa waliache kabisa na kudunga upande wa nje wa paja kwa mbele. Umbali kati ya mtoto anayetembea na mtoto anayeburuta mguu ni upana wa vidole vichache. Yule mwenye mkoba alijua jina la dawa, kipimo chake na bei yake. Alichokosa ni anatomia.

Mfano wa pili unatuhusu sisi wa Maniema, ambako malale imewatesa watu tangu zamani za ukoloni. Ili kujua kama wadudu wa ugonjwa huo wameufikia ubongo, mhudumu alilazimika kutoa maji ya mgongo kwa sindano. Watu waliikimbia sindano hiyo, wakisema inapoozesha. Kwa nini haipoozeshi inapofanywa vizuri? Simameni. Wekeni mikono kiunoni, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Mstari wa kuunganisha mikono yenu miwili nyuma ya mgongo hupita karibu na pingili ya 4 kati ya pingili 5 za kiuno. Ile kamba laini ya fahamu inayoshuka ndani ya uti wa mgongo huishia juu zaidi, kwa mtu mzima karibu na pingili ya 1 au ya 2. Chini ya hapo kuna maji na nyuzi za fahamu zinazoelea, ambazo kwa kawaida huipisha sindano. Basi mhudumu huingiza sindano chini ya pingili ya 3 au ya 4. Kwa mtoto mchanga kamba hiyo hufika chini zaidi, karibu na pingili ya 3, na hapo mhudumu mwenye haraka huwa hatari. Siku hizi vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa mwaka 2018, vimewaepusha wagonjwa wengi na sindano hiyo, Mungu ashukuriwe. Lakini homa ya uti wa mgongo bado hupimwa kwa njia ile ile, kwa mikono ile ile juu ya nyonga.

Na mnamjua nyote Daktari Denis Mukwege wa Bukavu. Ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokwenda na baba yake, akiwa mtoto, kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza baba kwa nini hatoi na dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Hakudharau sala ya baba yake. Alikwenda kusomea udaktari Burundi, kisha magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa, na mwaka 1999 akaanzisha Hospitali ya Panzi. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, nasi tukapiga vigelegele. Lakini fikirini kazi yenyewe ilivyo, mbali na vigelegele. Mwanamke ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mkojo unamtoka usiku na mchana, mume amemfukuza. Mpasuaji anayetaka kuliziba tundu hilo hana budi kwanza kujua ilipo mirija miwili myembamba inayoleta mkojo kutoka figo hadi kibofuni, kwa sababu akiushona mmoja wake bila kujua, atakuwa amemrudishia mama huyo ukavu na kumwua figo. Huruma peke yake haiwezi kumwonyesha mrija huo.

Kwa hiyo naja kwa wale wa neno la tatu, wanaonunua pointi. Sitataja shule wala mtu, mnajuana. Kijana anayenunua pointi za historia ataaibika siku moja mbele ya watu. Anayenunua pointi za anatomia ameuza mguu wa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Na mwalimu anayeuza, naye huimba nasi kwaya Jumapili. Tunayo mazoea ya kuungama matusi na hasira. Sijui ni wangapi huungama pointi. Wazazi nao hawana mikono safi. Tunauza mbuzi, tunatuma pesa Kindu, tunasema «mtoto amalize tu», na mtoto anamaliza. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, nchi hii nzima haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja mwenye shahada. Wakoloni walikuwa wamewazuia ndugu zetu kwenye ngazi ya wasaidizi wa waganga, na baada ya uhuru baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa wakamalizie masomo. Walikubali kuketi tena darasani, watu wazima wenye wake na watoto. Hatuwaheshimu kwa kununua karatasi ambayo wao waliitafuta kwa jasho.

Nimeambiwa: «Baba, hatuna maiti, hatuna hata sanamu ya mifupa, shule yetu ina picha moja ukutani nayo imeliwa na mchwa.» Ni kweli, na ni aibu ya serikali na yetu sote; haifai kuifunika kwa maneno ya uvumilivu. Dai hilo lisemwe mbele ya wakubwa bila woga. Lakini Bologna ya karne ya 18 ilikuwa na mama mmoja, Anna Morandi Manzolini, aliyepasua na kujifunza, kisha akafinyanga kwa nta jicho, sikio na mkono, na wanafunzi wakajifunza kwa kazi ya vidole vyake. Sisi hatuna nta ya kutosha. Udongo tunao, na mikono ya kufinyanga tunayo. Babu zetu Warega walichonga sura za watu kwa pembe za ndovu na mifupa hadi makumbusho ya Ulaya yakazitamani. Na mwili mnao pia. Mfupa wa mbele ya mguu unagusika chini ya ngozi toka goti hadi kifundo. Mapigo ya damu yanasikika kifundoni mwa mkono, upande wa kidole gumba, na pembeni mwa shingo. Kwenye kifua, shukeni kwa kidole kutoka koo: mtakuta kinundu cha kulala kikatizacho mfupa wa kifua, na hapo ndipo unapokutana na ubavu wa 2. Kutoka hapo hesabu inaanza, na daktari hujua kwa hesabu hiyo aweke wapi chombo chake cha kusikilizia moyo.

Yule msichana nilimwendea nyumbani kwao kabla likizo haijaisha, nikamwomba radhi mbele ya baba yake na mama yake. Nilimwomba pia anifundishe kuhesabu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watoto wa katekesi nikawaambia kwamba nilikosea, wakacheka sana, na mmoja akauliza kama basi Adamu alibaki na 23. Sikuwa na jibu, na sikujifanya kuwa nalo.

Jumamosi ijayo, baada ya mazoezi ya kwaya, tutakuwa nyuma ya kanisa tukiwa na udongo wa mtoni, yeye na mimi. Tutaanza na uti wa mgongo: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Njooni na maji ya kulainishia, na aliye na kitabu chenye picha akilete, hata kama kimechanika.